Ile M ya Mtogwa

Kambi ya chai, Igowole
20 Januari 1956

Dada Lusia,

Nipo hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalotaka kulijua, na kwa sababu juzi mimi mwenyewe sikuwa na hakika nalo.

Lori la waandikishaji lilitushusha hapa kwenye ukungu mzito, mtu hajioni vidole. Tunalala kwenye laini, yaani mabanda marefu ya mabati, na kila laini ina kabila lake. Wabena kwao, Wakinga kwao, Wangoni kwao. Sisi Wanyakyusa ni wachache, tumesukumwa chumba cha mwisho cha laini ya Wahehe. Mkubwa wetu ni Ezekia wa Iyunga, yule mwimba besi wa kanisani kwetu. Aliniangalia mara moja tu akasema, "Si wewe mtoto wa Mzee Saulo uliyefukuzwa kwa ulevi? Sahani yako usiisogeze kwenye yangu." Basi nakula peke yangu, mlangoni, kama mbwa wa mtu.

Siku ya pili vijana wa laini walinipiga. Ndiyo desturi, mgeni hupigwa. Walinivua shati, wakayaona makovu ya fimbo ya baba, yale ya ulevi wangu kwenye harusi ya Iyunga, bado mabichi. Mmoja akacheka: "Huyu keshapigwa, tunachosha mikono bure." Wenzake hawakumsikiliza. Walinivunja jino la mbele, wakanipiga mateke ya mbavu mpaka nikatapika damu. Aliyenivuta kutoka chini ya miguu yao ni Mhehe wa rika langu, jina lake Liberatus, Mkatoliki. Kwao ni hapa hapa, nyuma ya mashamba. Mama yake, Mama Apolonia, aliniosha, kisha akaninywesha mtogwa kwa mbeta, ndicho kikombe chao cha mwanzi. Dada, ni tamu! Hata watoto wanaotambaa hupewa. Nilikunywa nikalala, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani sikuota ile fimbo.

Mwambie baba nakikumbuka kiapo chake. Mwaka mzima bila pombe kinywani, ndipo nikanyage kizingiti chake. Nitauweza. Nataka kurudi nyumbani, dada, hilo tu.

Ni mimi, nduguyo mwenye pengo,
Asukile


Ilomba, Mbeya
6 Februari 1956

Mdogo wangu mpendwa,

Nimelia kwa ajili ya jino lako, halafu nimecheka kwa ajili ya kalamu yako. Miaka yote ile ya shule ya misheni, na hadi leo huwezi kuandika togwa? Umeipachika m mbele kama mtu anayemvisha kuku kofia. Nilipomsomea baba niliiondoa nikasoma "togwa," nisije nikamtia aibu mwalimu wako.

Unajua baba hajui kusoma, lakini husikiliza kwa macho. Nilipofika kwenye mateke alitazama chini. Nilipofika kwenye togwa alishusha pumzi, akasema, "Ndaga, asante Mungu. Togwa si dhambi, hata mchungaji hunywa. Anywe ashibe." Jumapili akasimama mbele ya wazee wenzake wa kanisa akawaambia kwamba mwanawe yuko ugenini, amezungukwa na walevi, naye anakunywa togwa. Wakaitikia amina. Asukile, ningekuwa na mbawa ningekuletea ile amina uisikie mwenyewe.

Usidhani amelainika sana. Ile fimbo ya mbuni bado imesimama nyuma ya mlango, na akitoka shambani kwanza huigusa ndipo avue viatu. Lakini tangu mama afariki sijamwona akitembea shingo juu kama wiki hii. Mpe mwaka wake, akupe kizingiti chake. Mimi nitakupikia makande ya kukupasua tumbo.

Dada yako,
Lusia


Igowole
25 Februari 1956

Dada,

Soma kwanza peke yako, halafu umsomee baba yanayosomeka.

Mtogwa nimeuandika sawasawa, ndivyo wanavyosema huku. Unatoka kwenye mianzi. Baba yake Liberatus ndiye mgemi: hukata ncha ya mwanzi mchanga, akaining'iniza mbeta, ukadondoka wenyewe. Wa asubuhi ni mtogwa, ni wa kila mtu. Ukikaa hadi jioni hukaza, wanauita mkangafu, ni wa wakubwa. Mkangafu nimeonja tu. Hilo usimsomee.

Jumamosi laini yetu na laini ya Wabena zilipigana kwa marungu, kisa ni mwanamke au ni zamu ya bomba, kila mtu ana lake. Nilikuwa mstari wa mbele na Liberatus. Niliwapiga watu, dada. Mmoja nilimpiga sikio likachanika kama jani la mgomba, na sikuona huruma wala maumivu, nilikuwa na moto tu kifuani. Tuliporudi, Yohane, kaka mkubwa wa Liberatus, akaninyanyua begani mbele ya laini nzima akasema, "Mnyakyusa huyu ni wetu!" Ezekia na Biblia yake hajawahi kuniita wake hata siku moja.

Kuna jambo la kuchekesha. Yupo Mngoni hapa, Sedekia. Huyo humwita Yohane "mla mbwa" mbele ya watu, humvua kofia akaivaa, hata nyama huichukua sahanini mwake, na Yohane hucheka tu! Wanasema ni utani. Juzi nami nikataka kumvua Yohane kofia, Liberatus akanishika mkono haraka. "Wewe bado," akaniambia. Basi nangoja. Nikikaa nao vya kutosha, siku yangu itafika.

Asukile


Ilomba
12 Machi 1956

Asukile,

Togwa gani hiyo inayodondoka kutoka kwenye mwanzi? Nilikwenda sokoni kwa yule mama wa Kibena anayeuza viazi, nikamwuliza kwa adabu zote. Alicheka mpaka akashika meza. "Mtogwa ni ulanzi, pombe ya mianzi, mwanangu," akasema, "ulanzi ambao bado haujakasirika. Ukilala nao, unaamka nao mkangafu." Nilitembea kutoka sokoni mpaka nyumbani sioni njia.

Kwa hiyo ile m niliyoitupa ndiyo iliyokuwa neno zima. Nilimdanganya baba bila kujua, naye akalidanganya kanisa bila kujua. Na jana aliponiuliza, "Bado anakunywa togwa?" nikamjibu, "Bado, baba." Safari hii nilijua. Maji nimeyavulia nguo, sasa nayaoga, na ni ya baridi kweli.

Acha. Sikuombi, nakwambia mimi niliyekubeba mgongoni. Acha huo wa asubuhi na huo wa jioni. Na hilo sikio la Mbena, unalieleza kana kwamba umechuma kikapu kizuri cha chai! Ulilia ulipoua kinda la njiwa, umesahau? Mtoto yule yuko wapi?

Na jambo jingine: Ezekia anakuja nyumbani Pasaka. Atakaa benchi moja na baba kanisani. Unaelewa ninachosema? Kama kuna namna ya kufanya amani naye, ifanye kabla hajapanda basi.

Nina hofu,
Lusia


Igowole
29 Machi 1956

Dada,

Unasema acha kama mtu anayesema vua kofia. Nikiacha, nani atakula nami? Kwetu ukinyonya mrija mmoja wa pombe ya kimpumu harusini unatengwa na kanisa. Huku ukiikataa mbeta ndiyo unatengwa. Nilijaribu, naapa kwa kaburi la mama. Nilimwambia Mama Apolonia leo sitakunywa. Akaishusha mbeta taratibu akaniuliza, "Umeniona mchawi, mwanangu? Nimekuwekea sumu?" Jioni ile mikono ilinitetemeka hata kisu cha kupogolea sikuweza kukishika. Yule mzee anayekohoa, baba yake Liberatus, akanitazama akasema kwa pole, "Mpeni, huyu mtoto anaumwa." Nikapewa mkangafu. Nikapona.

Sasa nitakuambia na mengine, unichukie mara moja tuyamalize. Nyapara alinichapa kiboko kwa kuchelewa kupogoa. Nilimnyang'anya kile kiboko nikamchapa nacho usoni mpaka Yohane akanikumbatia kwa nyuma. Na kuhusu Ezekia, ile amani uliyoniomba nilikwenda kuifanya. Nilimngoja njiani akienda kwenye basi. Nilikuwa nimekunywa. Nilimshika koo nikamwekea kisu shavuni, nikamwambia akifungua mdomo Ilomba nitauchana mpaka masikioni. Alijikojolea, mtu mzima yule, mwimba besi. Nilicheka njia nzima ya kurudi.

Leo sijanywa ndiyo maana naweza kuandika. Sicheki.

Asukile


Ilomba
16 Aprili 1956

Asukile,

Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Nilianguka kisimani, wa kulia umefungwa. Si neno, utapona.

Baba hajambo. Ezekia alifika, alikuja kutusalimu, wakaongea. Barua zako baba hataki tena nimsomee. Usije nyumbani kwa sasa. Usiulize.

Pasaka ilikuwa nzuri.

Lusia


Igowole
4 Mei 1956

Lusia,

Tangu lini Ilomba kuna kisima? Tumekua tukiteka maji mtoni, mimi na wewe.

Ezekia amerudi. Hakunong'ona, alisimama mlangoni mwa laini akasimulia, maana alijua mbele ya watu siwezi kumwua. Kwamba alimwambia baba mtogwa ni nini. Kwamba baba alikuita uwanjani mwa kanisa, ibada imetoka, watu wamesimama na watoto wao, akakuuliza mbele yao, "Ulijua?" Nawe ukasema ulijua. Kwamba alikupiga kwa ile fimbo, fimbo moja kwa kila barua, na wewe ukainua mkono kukinga uso, na watu wakasikia mfupa. "Kama kuni kavu," akasema Ezekia. Wanawake wakaanza kulia, mchungaji ndiye aliyemshika.

Alikosea jambo moja, kwamba siwezi mbele ya watu. Yuko zahanati ya shamba, taya limefungwa kwa kitambaa, hataimba besi muda mrefu. Wala sijisifu, wala sijuti. Nakupa habari.

Ulikaa kimya kwa ajili yangu, ukavunjwa kwa ajili yangu, halafu ukaandika kwa kushoto kwamba Pasaka ilikuwa nzuri. Kwa nini, dada? Ungesema hukujua! Ungesema mtoto huyu hajui kuandika, ameongeza m!

Sasa nakunywa tangu asubuhi, mkangafu wa jana. Liberatus ananificha mbeta, tumegombana. Anasema, "Kwetu kijana hanywi hivi, mzee akikuona atakuambia." Lakini mzee wake hawezi tena kumwambia mtu lolote, anatema damu, kifua kimekwisha. Aliniita mwanangu. Nitamzika kama mwanawe, na nikishamzika nakuja Ilomba. Mwambie baba aihifadhi vizuri ile fimbo, maana nitaihitaji. Ana mikono miwili.

Asukile


Igowole
28 Mei 1956

Kwa mama yake Asukile, Ilomba.

Kamwene, mama. Hunijui, sikujui. Maneno ni yangu, mkono ni wa katekista wetu. Mimi ni Apolonia, yule aliyekuwa akimlisha mwanao.

Mume wangu alifariki. Tulikwenda kumzika Jumanne. Watu walikuwa wengi, ulanzi ulikuwepo kama inavyopasa, na mwanao alikunywa kuliko waliochimba kaburi. Alilia sana. Nilimhurumia, nikamshika kichwa.

Sasa nisikilize, maana nataka uelewe. Wangoni ni watani wetu. Babu zao na babu zetu waliuana, wakachoka kuuana, yakabaki maneno na kicheko. Kwa hiyo Mngoni akija msibani kwetu ana ruhusa. Sedekia aliruka akaingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Kisha akapanda juu, akatembea kama marehemu alivyotembea na mbeta zake. Tulicheka huku machozi yanatoka, hata mimi mjane. Ndiyo kazi ya mtani, anatupunguzia.

Mwanao akaona tunacheka. Akadhani ndivyo tunavyolia huku. Sedekia alipotoka, yeye akaruka akaingia. Akalala pale pa mume wangu, akaanza kukohoa kile kikohozi. Alikiigiza sawasawa, mama. Kile kikohozi nilichokisikia miezi yote ile ubavuni mwangu. Akakohoa, akajifanya anatema damu, akatuangalia kutoka chini, anangoja tucheke.

Hakuna aliyecheka. Kati yenu na sisi hakuna utani. Hatujauana, hatujazikana, hamna ruhusa.

Yohane, mwanangu mkubwa, alikuwa na jembe mkononi. Alilinyanyua. Liberatus akamwona. Akaruka juu ya mwanao akapiga kelele, "Kaka, ni mgeni, hajui!" Jembe lilikuwa linashuka tayari. Lilimwingia Liberatus hapa, kati ya shingo na bega. Hakusema neno jingine. Kaburi lililochimbwa la baba, mtoto ndiye aliyelifungua kwa damu yake.

Tuliwazika wote wawili. Yohane wamemchukua askari, yuko Iringa bomani. Hakukimbia, alikaa chini akaushika mguu wa mdogo wake mpaka askari walipofika. Asubuhi ile nilikuwa na mume na wana wawili, mume yumo ndani ya sanduku lakini yumo. Jioni sikuwa na mtu.

Mama, ulimzaa mtoto huyu ukamfundisha nini? Mbona hukumfundisha pa kucheka na pa kunyamaza? Mimi nilimnywesha mtogwa kwa mkono wangu, kama nilivyomnywesha Liberatus alipoanza kutambaa. Kwetu ni chakula cha mtoto. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenu ni mlango wa mtu kufukuzwa nyumbani. Ningejua ningempa maji. Kweli ningempa maji.

Watu wa ukoo wanataka kumwua. Nimemficha ndani ya kihenge, juu ya mahindi. Sijamficha kwa kumpenda. Nimechoka kuzika. Njoo umchukue.

Apolonia, mjane


Ilomba
9 Juni 1956

Kwa Mama Apolonia,

Shikamoo mama. Barua yako ilimwendea mama yetu, nimeipokea mimi, dada yake. Mama alifariki Asukile akiwa mdogo wa kuchunga ndama. Hakuna aliyemfundisha ulichouliza. Mimi nilimfundisha kufunga vifungo na kuandika, na baba alimfundisha fimbo. Nadhani hayo ndiyo yote aliyokuja nayo kwako.

Sina neno la kukupa pole linalotosha. Nimelitafuta kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, halipo. Nimepiga magoti hapa nilipo. Yule mtoto aliyesema "ni mgeni, hajui" nitamwombea kila siku nikiwa hai.

Mkono wangu haujapona na sina ruhusa ya kusafiri. Nakusihi, usimtoe kwenye kihenge bado.

Lusia


Igowole
17 Juni 1956

Dada Lusia,

Mama Apolonia amenipa karatasi akasema, "Andika kwenu wajue ulivyo, kama ulivyo." Kwa hiyo naandika, na ninakuomba umsomee baba. Msomee lote. Usinifiche wala usinipambe. Usiondoe hata herufi.

Msomee kwamba nilidhani "wewe bado" maana yake ni siku moja nitakuwa mtani wao. Haikuwa hivyo. Maana yake ilikuwa wewe si. Liberatus aliogopa kuniumiza, akachagua neno laini.

Msomee kwamba mtogwa niliunywa tangu siku ya pili, na mkangafu tangu Februari, na nilikuwa nasema nimeonja.

Msomee kwamba Liberatus alianguka juu yangu mle kaburini, damu yake ikaniingia mdomoni. Na jioni ile ile, kabla udongo wa makaburi haujakauka, nikiwa ndani ya kihenge, mikono ilianza kutetemeka na meno kugongana, nikatoka kwa kutambaa, nikaenda kwenye mtungi wa msiba nikanywa masalio. Mama Apolonia aliniona. Alikuwa amekaa peke yake jikoni. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinitazama nikinywa mpaka nikamaliza.

Huyo ndiye mwanawe. Asiseme hakuambiwa.

Sasa mianzi imekauka, msimu umekwisha, na hata kama usingekwisha hakuna wa kugema nyumba hii. Ukoo umetulia kidogo baada ya padri kuja kuongea nao. Nalima shamba la Mama Apolonia badala ya wanawe. Siku nyingine naweza. Siku nyingine nateleza kwenda kwenye laini kunywa pombe ya komoni, na hurudi nikiwa nimepigwa, maana sasa kila mtu ana ruhusa ya kunipiga, na mimi nimeacha kurudisha. Mama hufungua mlango.

Ile hamu ya kuja kumvunja baba mkono imekwisha. Nimeona alichovunja mkono wa Yohane. Lakini kizingiti chake sikistahili, na mwaka wake nimeushindwa. Siombi kurudi. Naomba tu ajue.

Asukile


Ilomba
26 Juni 1956

Mdogo wangu,

Naandika kwa haraka, basi la posta linaondoka asubuhi hii na nimemwomba utingo aikabidhi kambini kwa mkono wake. Nataka ikufikie kabla ya baba.

Nilimsomea. Aliketi kwenye kigoda chake, nami nikasimama mlangoni ili niweze kukimbia, nakwambia kweli. Nilisoma lote. Nilipofika kwenye lile neno nilisoma "mtogwa," nikaitamka ile m kwa nguvu, na mfupa wa mkono ukauma kana kwamba nao umesikia. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mtungi wa msiba akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena pale kwenye kupigwa, alivyosema angependa apigwe." Nikarudia hapo pia. Akauliza, "Ni mimi niliyemfundisha hivyo?" Alinitazama mkono, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Kisha akasimama akaenda nyuma ya mlango akaichukua ile fimbo.

Nikajua siku yangu imefika. Lakini alinipita. Akavaa koti la kanisani, akafunga jogoo wetu mwekundu miguu, akamtia kwenye kikapu, akasema ni wa mjane. Nikamwambia, baba, ngoja basi la asubuhi. Akasema hapandi basi, watu watamsemesha. Amekwenda kwa miguu hadi Iyunga kungoja lori la mchele linalorudi Iringa. Nilimfuata hadi barabarani. Nikamwuliza, "Baba, fimbo ya nini?" Hakugeuka.

Alikuwa akiitembelea, Asukile. Nilimtazama mpaka alipopotea, alikuwa akiitembelea kama mzee yeyote. Lakini baba hajawahi kutembea kwa fimbo maisha yake yote, na miguu yake haina ugonjwa. Namjua, na sijui.

Basi fanya hivi. Usikimbie kabla hajafika. Kaa uani kwa Mama Apolonia, aonekane na yeye. Ukimwona anakuja fimbo iko chini, inagusa udongo, mwendee, umpokee kikapu. Ukimwona ameinyanyua, usikinge kwa mkono kama mimi. Kimbia.

Lusia